Jukwaa la Ghala Lilijengwa kwa Ajili ya Lori, Wewe Unakuja na Tela la Pawatila

 Leo siandiki juu ya mbegu wala viwavijeshi. Naandika juu ya nusu mita ya hewa. Ni ile nafasi iliyopo kati ya sakafu ya tela lako na jukwaa la ghala, ambayo kila gunia lako lazima lipandishwe, na ambayo tumezoea kuipita kwa ubao mmoja na mgongo wa kijana wa watu. Nasema hivi bila kuzunguka: ghala lenye jukwaa refu lisilo na njia ya tela ni nusu ghala. Nusu iliyobaki unailipia wewe kila msimu, na kuna wanaoilipia kwa uti wa mgongo.

Najua mtaniambia, "Bwana shamba, hiyo ndiyo kazi ya makuli." Nitafika huko. Kwanza tuelewane jukwaa ni la nini.

Jukwaa la kupakilia halikujengwa refu kwa ajili ya mapambo. Sakafu ya ghala ikiinuliwa juu ya ardhi, maji ya mvua hayaingii na unyevu wa ardhini hausumbui mazao sana. Halafu kimo chenyewe kimepimwa kwa lori. Sakafu ya lori kubwa huwa kati ya mita 1.1 na mita 1.4 kutoka chini, kwa hiyo jukwaa la kawaida hujengwa kwenye mita 1.2 hivi. Lori likirudi nyuma na kugusa jukwaa, gunia linatoka ghalani na kuingia kwenye lori likiwa usawa uleule. Hakuna kupanda, hakuna kushuka. Hapo jukwaa linafanya kazi yake vizuri sana, na sina ugomvi nalo.

Ugomvi wangu ni huu: lori ndilo linaloondoa mazao ghalani. Yanayoleta mazao ni nini? Kaa nje ya ghala la chama chenu siku moja ya mavuno uhesabu. Ukiwa Mbarali au Kilombero utaona pawatila na tela lake, zile zilizoenea sana tangu siku za Kilimo Kwanza mwaka 2009. Utaona guta, mkokoteni wa ng'ombe, mkokoteni wa punda. Trekta na tela lake litakuja pia, lakini halitakuwa wengi wao. Sakafu za vyombo hivyo ni za chini, na zimefanywa hivyo makusudi, maana chombo chembamba chenye mzigo juu kikipita kwenye mtaro kinaanguka. Chukua futi kamba upime. Tela la pawatila lina sentimita 65, 70, labda 75 kutoka chini hadi sakafu. Toa hizo kwenye 120. Unabaki na nusu mita.

Nusu mita ni nini? Ngazi ya nyumba ya kawaida ina kipandio cha sentimita 15 hadi 18. Nusu mita ni vipandio vitatu kwa hatua moja, na mtu ana gunia begani. Hakuna anayeweza kufanya hivyo mara 200 kwa siku, na ndiyo maana ubao ulikuja.

UBAO

Nataka tuuzungumzie ubao huu kwa kirefu, kwa sababu watu wanauchukulia kama kitu cha kawaida, sawa na ufagio wa ghala.

Ubao wa kupandia huwa ni ule uliobaki kwenye ujenzi. Ni paini, wenye vifundo, umelala juani miezi minane, umepauka na kuanza kuchanika pembeni. Hakuna aliyeuchagua. Upande mmoja unakaa juu ya jukwaa, upande mwingine umelala kwenye sakafu ya tela, hakuna kinachoushika popote. Juu yake kuna makapi ya mpunga, na anayeupanda amevaa ndala au yuko peku.

Sasa hesabu mbili tu, na ukizijua hizi hutaukanyaga tena kwa amani. Ya kwanza: nguvu ya ubao haiendi na unene wake moja kwa moja. Ubao wa inchi 1 hauna nusu ya nguvu ya ubao wa inchi 2 wenye upana uleule. Una robo tu. Ya pili: ukiongeza urefu mara mbili, mzigo unaoweza kubebwa katikati unashuka hadi nusu. Ziweke pamoja. Kijana wa kilo 65 na gunia la kilo 100 ni kilo 165, na anapofika katikati ya ubao wa mita 3 wenye unene wa inchi 1, ubao huo uko kwenye hatihati ya kupasuka hata kama ulinunuliwa jana. Bado hatujahesabu kishindo cha kila hatua, kwa sababu mtu anayetembea na gunia hatembei kama anayetembea na kikombe cha chai. Ubao unadunda, na kila ukidunda uzito unazidi.

Tunajibu kwa kufupisha ubao. Mita 2 haipasuki haraka, ni kweli. Lakini sasa kwa kila sentimita 4 unazokwenda mbele unapanda sentimita 1, na makapi yako chini ya mguu. Kwa hiyo mtu anachagua: ubao mrefu unaopasuka au ubao mfupi unaotelezesha. Huo si mpango wa kazi.

Na kuna hatari ya tatu ambayo haionekani mpaka itokee. Tela halina breki ya maana, na mara nyingi limesimama bila kabari kwenye tairi. Kila mtu anaposukuma mguu wake kupanda, anasukuma tela kwenda upande wa pili. Linasogea kidogo. Sentimita mbili, tena mbili. Ubao uliokuwa umelalia sakafu ya tela kwa sentimita 10 unabakiwa na 3. Mtu wa gunia la kumi na moja ndiye anayeanguka nao, na wote mtasema alikuwa mzembe.

Msimu uliopita nilikuwa kwenye ghala moja ambalo sitalitaja, nikimsubiri katibu. Kijana alianguka hivyohivyo, ubao ukamfuata na gunia likamfuata ubao, likatua kwenye mguu. Alipelekwa kwa bodaboda, katikati ya watu wawili. Nilipouliza jina lake limeandikwa wapi, kwenye daftari gani la kazi, nilionyeshwa daftari la kupokelea mazao. Mle kulikuwa na jina la mkulima, idadi ya magunia na uzito. Gunia lile liliandikwa. Kijana hakuandikwa popote. Kazi iliendelea kabla bodaboda haijafika barabara kuu, na ubao ulirudishwa palepale, uleule.

"MAKULI WAPO"

Sasa tuje kwenye jibu hilo, maana ndilo ninalopewa na karibu kila mwenyekiti wa bodi na karibu kila mfanyabiashara. Makuli wapo. Wanalipwa kwa gunia. Wakichoka wanakuja wengine. Kwa nini tutumie fedha kujenga?

Mimi nauliza: makuli hao wanatoka wapi? Hawatoki ng'ambo. Ni mtoto wa jirani yako aliyemaliza kidato cha nne, ni mpwa wako, ni kijana anayekodi shamba la robo eka pembeni ya lako. Akivunjika, mchango wa matibabu utapita mlangoni kwako. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ipo, na mfuko wake upo, lakini kibarua wa kulipwa kwa gunia, asiye na mkataba wala jina kwenye orodha ya mwajiri, atadai kwa lipi? Kila mmoja atamkana. Chama kitasema ni wa mfanyabiashara, mfanyabiashara atasema ni wa mkulima, na mkulima ndiyo kwanza anamwona leo.

Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, linasema mzigo wa kubebwa na mwanaume mmoja mzima usizidi kilo 55. Sisi tunambebesha kilo 100 na kumpandisha kwenye ubao. Na hizo 100 ni pale mnapofuata sheria.

Kuna wengine wanasema kwa nia njema kabisa kwamba tukirahisisha kazi vijana watakosa riziki. Jamani, gunia haliendi lenyewe. Hata tela likiwa usawa na jukwaa, bado kuna kushusha, kuna mizani, kuna kupanga ndani. Anayelipwa kwa gunia anapata zaidi akishusha matela 12 kwa siku kuliko akishusha 7 na kurudi nyumbani anachechemea. Hoja hii ya riziki sijawahi kuisikia kwa kuli hata mmoja. Naisikia kwa watu waliokaa kivulini.

Tuache huruma pembeni, kama inawachosha. Tuhesabu fedha. Ujira wa kushusha unakatwa kwa nani? Kwako wewe mkulima, au unapunguziwa kwenye bei na usione. Gunia likidondoka kutoka begani, linapasuka. Mpunga unaomwagika kwenye vumbi unafagiwa na kupimwa kama takataka au hauhesabiwi kabisa. Mahindi yanayopigwa chini punje zinavunjika, na punje iliyovunjika ndiyo mlango wa dumuzi na ukungu. Na foleni je? Tela moja likichukua saa nzima, la kumi linasubiri hadi jioni, na mvua za mwisho wa msimu hazisubiri zamu yako. Umekausha mpunga siku nne kwenye turubai, unaulowesha kwa saa mbili nje ya ghala. Kisha kipimo cha unyevu kinakukataa na unamlaumu karani.

INUA TELA, USIINUE GUNIA

Suluhisho si kubomoa jukwaa. Lori bado linalihitaji. Wala si kununua mashine ya kuinulia mizigo, ambayo itakaa miezi sita ikisubiri kipuri. Suluhisho ni kuacha kuinua magunia moja moja na kuliinua tela lote mara moja, kwa nguvu ya injini yake lenyewe. Tunahitaji tuta la udongo.

Chagua pembe moja ya jukwaa, ile ambayo lori haitumii sana. Jenga tuta linalopita sambamba na jukwaa: njia ya kupanda, uwanja tambarare, njia ya kushuka. Nasisitiza pande mbili, kupanda na kushuka, kwa sababu aliyewahi kurudisha nyuma pawatila yenye tela anajua ni adhabu. Tela likipanda upande huu, likasimama ubavu kwa ubavu na jukwaa, likashusha ukuta wake wa pembeni, kisha likatoka upande ule, hakuna anayerudi nyuma na foleni inakwenda mbele.

Kimo cha uwanja ni tofauti uliyopima kwa futi kamba. Jukwaa lina 120, tela lina 70, basi uwanja uwe 50. Usifuate kimo cha kijiji jirani. Pima matela matano au sita yanayokuja kwenu, chukua kimo cha yale mengi. Yakitofautiana, afadhali tela liwe juu ya jukwaa kwa sentimita chache kuliko chini; gunia linashuka kirahisi. Ila kumbuka tela likiwa na mzigo tairi zinabonyea, na likishushwa linainuka kidogo. Pima likiwa na mzigo.

Njia ya kupanda iwe na urefu wa mara 10 ya kimo. Kwa nusu mita, ni mita 5. Ukifanya fupi zaidi, guta lenye mzigo litashindwa na mkokoteni wa punda utarudi kinyumenyume. Uwanja wa juu uwe mita 5, ili pawatila na tela lake vyote vikae tambarare. Upana mita 3. Ukijumlisha njia mbili na uwanja, tuta likishashindiliwa lina kama mita za ujazo 15. Udongo uliolegea utakaohitaji unakaribia 20, yaani tripu 4 za tipa la mita za ujazo 5. Gharama ya tripu 4 za kifusi unaijua wewe kwa bei ya kwenu. Ilinganishe na ujira wa kushusha wa wiki moja ya mavuno, kisha niambie chama hakina uwezo.

Udongo usimwagwe wote kwa mara moja na kuachwa. Tandaza tabaka la sentimita 15, nyunyiza maji kidogo, shindilia, kisha tabaka lingine. Kifusi chenye changarawe kinafaa. Mfinyanzi mweusi haufai kabisa, utapasuka kiangazi na kuteleza masika. Upande unaotazama jukwaa unahitaji ukuta wa kushikilia udongo, maana tairi la ndani litapita karibu na ukingo. Mawe yaliyojengwa kwa saruji ni bora. Viroba vilivyojazwa udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa vinaweza kusaidia kwa kimo hiki kidogo. Mawe ya kupanga tu bila kushikana, hapana.

Acha upenyo wa kiganja kati ya ukuta huo na jukwaa ili maji yapite. Na udongo usigusane na ukuta wa ghala hata mahali pamoja. Ukiegemea, unyevu utapita kwenda ndani, na mchwa watapata njia ya kuingilia ambayo hamtaiona mpaka msimamishe magunia. Upande wa nje wa tuta weka ukingo wa gogo au mawe wa kimo cha sentimita 20, tairi lisipitilize.

Upenyo uliobaki kati ya tela na jukwaa unafunikwa kwa bamba la chuma. Bamba la mita 1 kwa sentimita 60, unene milimita 6, lina kilo 28 hivi, kwa hiyo fundi aliwekee vishikio viwili. Chini yake achomelee vipande viwili vya chuma vinavyoingia kwenye upenyo, lisiteleze upande wowote. Hapo toroli linapita. Na toroli ndilo linalobadilisha kila kitu. Toroli na gunia, kilo 115 hivi, kwenye mwinuko wa ubao wa 1 kwa 4 linahitaji msukumo wa kama kilo 28 kabla ya msuguano. Kwenye mwinuko wa 1 kwa 10 ni kilo 11 na nusu. Kwenye usawa, ni msuguano wa tairi tu. Mtu mmoja anafanya bila kuguna.

Wenye pawatila, neno moja kuhusu njia ya kushuka. Mnajua kwamba kwenye mteremko, injini inapozuia badala ya kuvuta, klachi ya kulia inaweza kukupeleka kushoto. Shuka kwa gia ndogo, ongoza kwa mikono, klachi za pembeni uziache.

WAKATI WA KUPAKIA, TELA HUBINUKA

Yako mambo mengine hata tuta halikuondolei. Tela la ekseli moja ni mzani. Mnaposhusha kuanzia nyuma, mzigo unaobaki mbele unakandamiza mkono wa tela chini, na hakuna tatizo. Mkianza kushusha mbele huku nyuma kumejaa, mkono unainuka, na pawatila yenyewe inainuka nao. Kupakia ni kinyume, na hapa ndipo ajali nyingi zilipo, kwa sababu gunia la kwanza linatua pale karibu na mlango. Kama tela limepeleka mgongo jukwaani, karibu na mlango ni nyuma ya ekseli. Magunia matatu na watu wawili wamesimama hapo, tela linabinuka. Gunia la kwanza liende mbele kabisa, la pili pembeni yake, mrudi nyuma taratibu. Na tela lililofunguliwa kutoka kwenye pawatila lisipakiwe wala kushushwa mpaka liwekewe nguzo mbele na nyuma.

Kabari mbili kwa kila tairi, mbele na nyuma. Si tofali. Tofali linapasuka. Pande la mti lililochongwa pembe tatu, lililofungwa kamba kwenye tela lenyewe ili lisipotee. Dereva ashuke kwenye usukani wakati watu wako juu. Sijui ni nani aliyewafundisha kukaa pale injini ikiwaka "ili tuondoke haraka".

LUMBESA HAIPANDI TUTA

Mfanyabiashara, sasa wewe. Umenivumilia muda mrefu ukidhani maneno haya ni ya bodi ya chama.

Hakuna tuta wala bamba litakalomwokoa mtu na gunia lako la kilo 130 lililoshonewa kilemba. Sheria ya Vipimo, Sura 340, na kanuni zake zinasema mazao ya shamba yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100. Hilo unalijua, ndiyo maana lumbesa inasafiri usiku. Nitakwambia jambo ambalo maofisa wa vipimo hawakwambii: lumbesa inakuumiza hata wewe. Haikai kwenye toroli. Haipangiki, ukiipanga ghalani rundo linaegemea, na siku moja litamwangukia mtu. Inahitaji watu wawili kunyanyua na mmoja kubeba, kwa hiyo kasi yako ya kupakia lori inashuka, na lori lililosimama linakula fedha.

Naelewa kinachokusukuma. Ushuru unatozwa kwa gunia, kuli analipwa kwa gunia, hata chumba cha kuhifadhia wakati mwingine kinakodishwa kwa gunia. Ukijaza zaidi, unalipa mara moja kwa mzigo mmoja na robo. Basi dawa yake ni kulipa kwa kilo. Ghala lina mizani. Kila gunia linapita pale hata hivyo. Kuli alipwe kwa kilo alizoshusha, na ushuru ukatwe kwa kilo, uone kama lumbesa itabaki na mpenzi. Jirani zetu Kenya, kwenye viazi mbatata, waliweka kilo 50 kwa gunia katika kanuni zao za mwaka 2019. Kilo 50 mtu anabeba na anarudi kesho. Mkulima, hili usimsubiri mfanyabiashara aliamue. Gunia ni lako mpaka lifike kwenye mizani. Nunua vifuko vya kilo 50, shona mwenyewe, na akikuletea gunia lake kubwa mrudishie.

KABLA YA MAVUNO

Mkutano mkuu wa chama chenu unakuja kabla ya msimu. Mara nyingi agenda ya ghala inapita kwa dakika tano: paa, dawa ya wadudu, mlinzi. Safari hii simama na futi kamba mkononi. Uliza jukwaa letu lina sentimita ngapi, na tela la pawatila lina ngapi. Kama mnajenga ghala jipya, uliza mchoro umechorwa na nani na kama aliwahi kuona chombo kinacholeta mazao yetu. Michoro mingi inanakiliwa kutoka ghala la mjini ambako kila kitu kinakuja kwa lori. Ni rahisi kuongeza njia ya tela kwenye karatasi kuliko kwenye zege. Uliza pia daftari la vibarua liko wapi.

Na kama tuta halitakamilika msimu huu, angalau ubao uwe ubao. Mbao mbili za inchi 2, upana inchi 10 kila moja, zisizo na vifundo vikubwa, zimeunganishwa kwa vipande vya kukanyagia kila sentimita 35, ili kuwe na upana wa nusu mita. Urefu mita 3, si 2, na nguzo ya kusimama katikati chini yake kuukata urefu huo nusu. Upande wa juu uwe na ndoano ya nondo inayoingia kwenye tundu la jukwaa. Apande mtu mmoja kwa wakati, na ufagio uwe hapohapo wa kuondoa makapi. Ule wa zamani uliopauka, upasueni kuni siku hiyohiyo, maana ukiachwa umeegemea ukuta kuna mtu atautumia.